Kilimo cha Kaboni: Faida ya Kwanza ya Mkulima Imo Udongoni

Tangu Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi (Marekebisho) ya mwaka 2023 ilipotiwa saini tarehe 1 Septemba mwaka huo, biashara ya kaboni nchini Kenya imekuwa na msingi wa kisheria ambao haukuwapo hapo awali. Kanuni za Masoko ya Kaboni zilizochapishwa Mei 2024 zilifuata, zikieleza hatua ambazo kila mradi sharti uzipitie kabla ya kuuza hata tani moja. Kutokana na hayo, neno kaboni, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa la darasani na la mikutano ya wataalamu, sasa linasikika katika mabaraza ya machifu, vyama vya ushirika na vikundi vya akina mama wanaolima mahindi na maharagwe.

Pamoja na neno hilo yamekuja matumaini, na pia mikanganyiko. Wapo wakulima walioelezwa kwamba hewa iliyo juu ya mashamba yao inaweza kuuzwa. Wapo waliokabidhiwa mikataba ya miaka mingi waitie saini bila kuisoma, na wapo waliosusia mafunzo ya kuhifadhi udongo kwa kuhofia kwamba nyuma yake kuna njama ya kuwanyang'anya ardhi. Makundi yote haya yanastahili maelezo yaliyo wazi: kilimo cha kaboni ni nini, kinaleta nini, na sheria inamlinda nani.

Jibu linalotokana na uzoefu wa Kenya yenyewe ni kwamba faida kubwa ya kilimo hiki kwa mkulima mdogo haitoki katika soko la kaboni. Inatoka katika udongo unaohifadhi maji, unaolisha mmea na unaotoa mavuno mengi zaidi. Fedha za kaboni, pale zinapopatikana, ni nyongeza. Mkulima anayelijua hilo mapema hujadiliana akiwa na nguvu, ilhali asiyelijua anaweza kufungwa na mkataba mrefu kwa malipo madogo.

Kaboni inavyoingia udongoni

Mmea hufyonza kaboni dayoksaidi kutoka hewani na, kwa nguvu ya mwanga wa jua, huigeuza kuwa majani, shina na mizizi. Masalia ya mmea yakirudi ardhini, vijidudu huyaozesha. Sehemu ya kaboni hiyo hurejea hewani upesi, na sehemu nyingine hubaki udongoni ikiwa mboji, ile mata nyeusi inayoupa udongo rutuba na uwezo wa kushika maji. Tani moja ya kaboni iliyohifadhiwa udongoni ni sawa na takribani tani 3.67 za kaboni dayoksaidi ambazo zingekuwa hewani.

Mchakato huo unaweza pia kwenda kinyume. Shamba likigeuzwa kwa jembe kila msimu, mabua yakichomwa, na ardhi ikiachwa wazi mvua za masika zinapoanza, mboji huoza upesi na tabaka la juu huchukuliwa na maji hadi mtoni. Udongo wa namna hiyo hupoteza kaboni na rutuba kwa wakati mmoja. Hii ndiyo sababu hatua zinazopunguza gesijoto shambani ni zile zile ambazo maafisa wa kilimo wa nyanjani wamezihimiza kwa miongo mingi: kufunika ardhi kwa matandazo, kutumia samadi na mbolea ya mboji, kupanda jamii ya kunde kwa mzunguko au pamoja na nafaka, kupunguza kulima, kupanda miti kama mgrevilea, kaliandra na sesbania kati ya mazao au mipakani, na kuchimba makingamaji.

Nyingi kati ya mbinu hizo si ngeni. Matuta ya fanya juu, ambayo mkulima huyatengeneza kwa kurushia udongo upande wa juu wa mtaro, yalienea Machakos na sehemu nyingine za Ukambani zamani sana kabla ya soko la kaboni kuzaliwa. Miteremko ambayo katika miaka ya 1930 ilielezwa na maafisa wa wakati huo kuwa imeharibika vibaya ilikuja kuwa mashamba yenye matuta, miti na mazao, ingawa idadi ya watu iliongezeka mara kadhaa. Wakulima hao hawakulipwa na soko lolote la kaboni. Walihifadhi udongo kwa sababu udongo uliwalipa.

Somo kutoka magharibi mwa Kenya

Kenya ina nafasi ya pekee katika historia ya kilimo cha kaboni, kwani mradi wa kwanza barani Afrika kuuza kaboni ya udongo wa mashamba ulianzia hapa. Mradi huo, uliojulikana kama Mradi wa Kaboni ya Kilimo Kenya, uliendeshwa na shirika la Uswidi la Vi Agroforestry miongoni mwa vikundi vya wakulima wadogo katika maeneo ambayo leo ni kaunti za Kisumu, Siaya na Bungoma. Ulilenga hekta 45,000. Novemba 2010, Mfuko wa BioCarbon wa Benki ya Dunia ulitia saini mkataba wa kununua sehemu ya upungufu wa gesijoto ambao ungetokana na mashamba hayo. Mwaka 2011 utaratibu wa kuhesabu kaboni uliotayarishwa kwa ajili ya mradi huo ulipata idhini ya kimataifa, na Januari 2014 krediti za kwanza zilitolewa, kila krediti ikiwakilisha tani moja ya kaboni dayoksaidi. Zilikuwa 24,788.

Takwimu hiyo ilipokelewa kwa fahari, na kwa haki, kwa kuwa ilithibitisha kwamba mkulima wa ekari mbili anaweza kuingia katika soko lililodhaniwa kuwa la viwanda na misitu mikubwa. Hata hivyo inafaa isomwe pamoja na takwimu nyingine. Wakulima waliohusika walikuwa karibu 30,000. Krediti hizo za kwanza, zikigawanywa kwa idadi hiyo, hazifikii tani moja kwa kila mkulima. Wakati wa kutia saini mwaka 2010 ilitarajiwa kwamba jamii zingenufaika moja kwa moja kwa zaidi ya dola 350,000 katika kipindi cha mkataba, malipo ya mwanzo yakiwa dola 80,000. Kiasi cha dola 350,000 kikigawanywa sawasawa kwa wakulima 30,000, kila mmoja hupata chini ya dola 12 kwa kipindi chote. Kwa kiwango cha ubadilishaji cha shilingi 129 kwa dola, hizo ni takribani shilingi 1,500. Mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku ya Serikali uliuzwa kwa shilingi 2,500 kuanzia mwaka 2023.

Hesabu hiyo haimaanishi kwamba mradi ulishindwa. Wakulima walipata mafunzo, vikundi vyao viliimarika, miti iliongezeka na mashamba yaliyotunzwa yalitoa mahindi mengi zaidi kuliko hapo awali. Inachoonyesha ni mahali ambapo faida ilipatikana. Ilipatikana ghalani kabla ya kupatikana katika akaunti ya kikundi.

Mfano mdogo unaweza kulifafanua jambo hili. Tuseme shamba la hekta 0.8, yaani takribani ekari mbili, linaongeza sawa na tani moja ya kaboni dayoksaidi kwa kila hekta kwa mwaka, na tani hiyo inauzwa kwa dola 10. Thamani yote kwa mwaka ni dola 8, yaani kama shilingi 1,030, kabla ya kuondoa gharama za wakaguzi, usajili, mafunzo na usimamizi. Mwishoni mwa mwaka 2023 bei ya Serikali ya kununua gunia la mahindi la kilo 90 kupitia Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao (NCPB) ilikuwa shilingi 4,000. Gunia moja tu la ziada, lililopatikana kwa sababu udongo umeshika maji wiki mbili zaidi wakati wa ukame, linazidi karibu mara nne mapato hayo yote ya kaboni.

Mipaka ya sayansi

Kuna sababu nyingine ya kutoegemeza mipango ya familia kwenye fedha za kaboni. Kaboni ya udongo huongezeka polepole, hutofautiana kutoka shamba hadi shamba, na ni ghali kuipima. Majaribio ya muda mrefu yaliyofanywa na watafiti magharibi mwa Kenya yameonyesha kwamba hata pale masalia na samadi yaliporejeshwa shambani, udongo uliowahi kuwa msitu au nyika uliendelea kupoteza kaboni, ijapokuwa kwa kasi ndogo zaidi kuliko udongo ulioachwa bila matunzo. Kwa mkulima, kupunguza upotevu huo ni faida kubwa. Kwa soko linalolipa kila tani, ni hesabu inayohitaji uangalifu mwingi.

Kwa kuwa haiwezekani kuchimba sampuli za udongo katika kila shamba kila mwaka, mradi wa magharibi mwa Kenya ulitumia kielelezo cha kihesabu. Wakulima walirekodi walichokifanya: eneo waliloweka matandazo, samadi waliyotumia, miti waliyopanda, mavuno waliyopata. Rekodi hizo, pamoja na takwimu za hali ya hewa na aina ya udongo, ndizo zilizotumika kukadiria kaboni. Kwa maneno mengine, daftari la mkulima lilikuwa sehemu ya kipimo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika biashara hii methali hiyo ina uzito wa kifedha. Kikundi kisichotunza kumbukumbu hakiwezi kujua kama kimelipwa ipasavyo.

Udongo pia unaweza kuiachilia kaboni uliyoihifadhi. Shamba likirudiwa kulimwa kwa trekta, likichomwa moto au miti yake ikikatwa, hesabu ya miaka kumi inaweza kufutika kwa msimu mmoja. Ndiyo sababu viwango vya kimataifa huzuia sehemu ya krediti iwe akiba ya tahadhari, na ndiyo sababu wanunuzi hutaka mikataba mirefu. Urefu wa mkataba si ujanja kwa wenyewe, ila unamwachia mkulima mzigo wa kutimiza masharti katika miaka ambayo huenda shamba litakuwa limerithiwa, limegawanywa au limeuzwa.

Soko la kaboni lina sharti jingine ambalo wengi huliona kuwa halina haki. Krediti hutolewa kwa mabadiliko mapya pekee, yale ambayo yasingetokea bila mradi. Mkulima wa Machakos aliyerithi matuta ya fanya juu kutoka kwa babu yake hahesabiwi kuwa ameongeza kitu, ilhali jirani aliyeacha shamba lake limomonyoke anaweza kulipwa akianza kulitunza. Kwa sababu hiyo soko peke yake haliwezi kuwa sera ya kuhifadhi udongo. Wahifadhi wa muda mrefu wanahitaji kufikiwa kwa njia nyingine: huduma za ugani, ruzuku, bei nzuri ya mazao na miundombinu ya maji.

Sheria inasema nini

Marekebisho ya mwaka 2023 yalikusudia kuleta utaratibu katika uwanja ambao ulikuwa ukiendeshwa kwa mikataba ya faragha. Kila mradi wa kaboni unatakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira na kwa jamii. Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) ndiyo mamlaka iliyoteuliwa ya kitaifa, na mradi hauwezi kuendelea bila idhini. Taarifa za miradi huingizwa katika Sajili ya Kitaifa ya Kaboni. Anayefanya biashara ya krediti bila idhini au kutoa taarifa za uongo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 500, kufungwa jela kwa muda usiozidi miaka 10, au kupewa adhabu zote mbili.

Kwa wananchi, sehemu yenye uzito zaidi ni ile inayohusu makubaliano ya maendeleo ya jamii. Mradi unaotegemea ardhi unatakiwa kuongozwa na makubaliano hayo, yanayoeleza majukumu ya mwenye mradi, jinsi jamii itakavyoshirikishwa na namna mapato yatakavyogawanywa. Katika miradi ya ardhi, jamii inastahili mchango wa kila mwaka usiopungua asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Katika miradi isiyotegemea ardhi, kiwango hicho ni asilimia 25. Serikali ya Kitaifa na serikali za kaunti zina wajibu wa kusimamia mazungumzo ya makubaliano hayo. Mgogoro ukitokea, hushughulikiwa kwanza kwa njia iliyowekwa katika makubaliano na kutatuliwa ndani ya siku 30. Usipotatuliwa, hupelekwa katika Mahakama Maalumu ya Kitaifa ya Mazingira.

Ni muhimu kuielewa mipaka ya ulinzi huo. Makubaliano ya maendeleo ya jamii yanalenga ardhi ya umma na ardhi ya jamii. Mashamba mengi ya Kisumu, Bungoma, Kakamega au Meru ni ya watu binafsi wenye hatimiliki. Mmiliki wa shamba la namna hiyo bado analindwa na masharti ya idhini, tathmini na usajili, lakini mgao wake wa fedha unategemea zaidi mkataba ambao yeye au kikundi chake ameutia saini. Mtu anayemwambia mkulima wa shamba binafsi kwamba asilimia 40 imekwisha kuhakikishwa na sheria anapaswa kuombwa aonyeshe kifungu cha mkataba kinachosema hivyo.

Jambo jingine linahusu ahadi za nchi. Chini ya Mkataba wa Paris, Kenya iliahidi mwaka 2020 kupunguza gesijoto kwa asilimia 32 ifikapo mwaka 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo bila hatua yoyote. Kilimo ndicho chanzo kikuu cha gesijoto nchini, sehemu kubwa ikitokana na mifugo. Tani iliyouzwa kwa nchi nyingine chini ya Kifungu cha 6 cha mkataba huo haiwezi kuhesabiwa tena kuwa mafanikio ya Kenya. Kwa hiyo idhini ya Serikali inabeba uamuzi mzito: tani zipi ziuzwe nje, kwa bei gani, na zipi zibaki kutimiza ahadi ya taifa.

Funzo la malisho ya kaskazini

Kaboni ya udongo haiko katika mashamba ya mahindi pekee. Katika nyanda za malisho za kaskazini, miradi imelenga kuongeza kaboni kwa kubadilisha mpangilio wa malisho ili nyasi zipate muda wa kuota upya. Wazo hilo lina msingi wa kisayansi, lakini linagusa desturi za uhamaji ambazo wafugaji wamezitegemea kwa karne nyingi kukabiliana na ukame.

Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili katika kaunti hiyo, zilizokuwa sehemu ya mradi mkubwa wa kaboni ya malisho, zilianzishwa kinyume cha sheria, bila ushirikishwaji wa umma unaotakiwa. Chochote kitakachofuata katika suala hilo, ujumbe wa uamuzi huo kwa waendeshaji wa miradi ni kwamba kaboni haiwezi kutenganishwa na haki ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inataka makubaliano ya uwekezaji katika ardhi ya jamii yaidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo, katika mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo. Kupata saini za viongozi wachache hakutoshi.

Uamuzi huo unawahusu wanunuzi pia. Krediti iliyotokana na ardhi yenye mgogoro hupoteza thamani, kwani hakuna kampuni inayotaka kudai kwamba imepunguza gesijoto kwa gharama ya haki za wafugaji. Ushirikishwaji wa kweli, ambao baadhi ya waendeshaji huuona kuwa ucheleweshaji, ndio unaoilinda biashara yenyewe.

Maswali kabla ya saini

Mkulima au kikundi kinachofikiwa na mwenye mradi kina haki ya kuuliza na kujibiwa kwa lugha kinachoielewa. Swali la kwanza ni kama mradi umeidhinishwa na NEMA na umo katika sajili. La pili ni muda wa mkataba, na nini kitatokea shamba likirithiwa, likigawanywa au likiuzwa. La tatu ni mgao: mkulima anapata asilimia ngapi, ya mapato yote au ya kinachobaki baada ya gharama, na gharama hizo zinakaguliwa na nani. Tofauti kati ya mapato yote na kinachobaki inaweza kuwa tofauti kati ya malipo na kutolipwa kabisa.

Yapo maswali mengine yanayosahaulika. Je, mkulima akitaka kubadilisha zao, kukata miti ya kuni au kuchimba bwawa la samaki, ataruhusiwa? Je, ukame ukiua miti, hasara ni ya nani? Je, mke anayelima shamba ambalo hatimiliki yake ina jina la mume atalipwa, au fedha zitaingia katika simu ya mwenye jina? Kazi ya kubeba samadi, kutandaza majani na kutunza miche mara nyingi hufanywa na wanawake. Mkataba unaomtambua mwenye hatimiliki pekee unaweza kumwacha nje aliyefanya kazi.

Majibu ya maswali hayo yaandikwe. Ahadi ya mdomoni haina nafasi mbele ya mkaguzi wala mbele ya mahakama.

Wajibu wa kaunti na wa Serikali

Katiba iliweka huduma za kilimo mikononi mwa kaunti, na hapo ndipo mafanikio ya kilimo cha kaboni yatakapoamuliwa. Afisa wa nyanjani anayefika shambani ana mchango mkubwa kuliko kitabu chochote cha kanuni. Ndiye anayejua kwamba ushauri wa kurejesha mabua yote shambani hauwezi kufuatwa na familia ambayo mabua hayo ndiyo lishe ya ng'ombe wakati wa kiangazi na kuni za jikoni. Mbinu bora ni ile inayojibu mahitaji hayo kwa pamoja.

Mfano mmoja ni kilimo cha vuta-sukuma, kilichotokana na utafiti wa kituo cha icipe na washirika wake. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi na nyasi ya nepia huzunguka shamba. Desmodiamu hufukuza wadudu wanaotoboa mabua na kuzuia striga, gugu ambalo wakulima wa Nyanza hulifahamu kwa jina la kayongo, huku nepia ikiwavuta wadudu hao kutoka kwenye mahindi. Mimea yote miwili ni lishe ya mifugo. Familia yenye lishe hiyo inaweza kuyaacha mabua ya mahindi yaoze shambani, na ng'ombe aliyeshiba huongeza samadi. Kaboni huongezeka kama matokeo, bila mkulima kutakiwa kujinyima.

Serikali ya Kitaifa nayo ilipokuwa mwenyeji wa Kongamano la Afrika kuhusu Mbolea na Afya ya Udongo jijini Nairobi, Mei 2024, iliungana na nchi nyingine za bara hili kukubaliana kurejesha afya ya angalau asilimia 30 ya udongo ulioharibika ifikapo mwaka 2034. Ahadi hiyo inaitaka mbolea ya ruzuku iende sambamba na samadi, chokaa kwa maeneo yenye udongo wenye asidi, na upimaji wa udongo. Mbolea ya viwandani katika udongo usio na mboji husombwa na mvua, na fedha za umma husombwa pamoja nayo. Katika udongo uliotunzwa, mfuko ule ule hulisha mahindi mengi zaidi. Kila shilingi ya ruzuku itaendelea kuwa na thamani ndogo kuliko inavyostahili hadi pale uhifadhi wa udongo utakapokuwa sehemu ya mpango huo huo.

Soko la kaboni linaweza kusaidia kulipia sehemu ya kazi hiyo, hasa mafunzo na miche katika miaka ya mwanzo, wakati ambapo mkulima anatoa jasho na udongo bado haujaanza kujibu. Hapo ndipo fedha za kaboni zinafaa zaidi kuliko zikigawanywa kuwa mamia machache ya shilingi kwa kila mtu. Vikundi vinavyojadiliana na wenye miradi vinaweza kudai hilo waziwazi: mafunzo kwa wakati, miche bora, vifaa vya kupima udongo, na hesabu zinazosomwa mbele ya wanachama wote.

Kanuni zipo, na mamlaka zinazozisimamia zinajulikana. Mwananchi anayetilia shaka mradi wowote anaweza kufika katika ofisi ya NEMA ya kaunti yake, au kwa afisa wa kilimo wa wadi, na kuuliza kama umeidhinishwa kabla ya kutia saini. Ambaye hajafikiwa na mradi wowote hana haja ya kusubiri. Matandazo, samadi na miti havihitaji barua ya idhini, na mvua za msimu ujao zitakinga katika udongo wake kama zitakavyokinga katika udongo wa aliyesajiliwa.